Haki ya Kununua Chapati ya Ijumaa

Shuleni kwetu, juu kidogo ya Kangemi, Ijumaa ni siku ya chapati. Siku zile nyingine nne ni githeri, yale mahindi na maharagwe, na kuhusu githeri sina la kusema ambalo halitamuumiza mpishi. Lakini Ijumaa kila mwanafunzi hupata chapati mbili na kijiko cha ndengu, na tangu asubuhi hakuna anayesikiliza somo lolote, hata la yule mwalimu wa Kemia anayefundisha kama mtu anayegombana na jirani.

Soko la chapati nililikuta. Pesa yake ni andazi la kantini, maana shilingi zikionekana zinapita mkono kwa mkono darasani, mwalimu wa zamu anazichukua zote. Jumatatu, Ijumaa ikiwa bado iko mbali, mtu anakubali kukuahidi chapati yake moja kwa maandazi mawili. Ijumaa yenyewe, harufu ikishapita madirishani, bei inapanda hadi manne. Na kuna Ijumaa unga umepungua stoo, wapishi wanatoa chapati moja moja, hapo unaitishwa matano na unasema asante.

Mchango wangu kwa uchumi wa taifa ulikuwa huu: niliacha kununua chapati, nikaanza kununua haki.

Wa kwanza kumjaribu alikuwa golikipa wa timu yetu, jamaa mrefu, mwenye njaa ya watu watatu.

"Kipa, niaje."

"Poa. Unataka nini? Wewe huwa huji bure."

"Chukua andazi langu."

Akaligeuzageuza. "Umelitemea mate?"

"Ni lako kabisa, kula. Lakini Ijumaa, nikitaka, utaniuzia chapati yako moja kwa maandazi mawili. Hata kama huko nje inaenda kwa kumi."

"Na usipotaka?"

"Nisipotaka, andazi umekula, chapati umekula, na mimi nimebaki nikikuangalia tu."

"Buda, wewe ni mjinga," akasema, tayari anatafuna.

Ijumaa hiyo unga ulikuwa umepungua. Nilimlipa kipa maandazi yake mawili, nikachukua chapati, nikaiuza kwa matano kabla haijapoa. Kufikia mwisho wa mwezi, darasa zima lilikuwa linauziana haki, na kipa, badala ya kukasirika, alikuwa amegundua utamu wa upande wa pili: unakula andazi la mtu leo kwa ahadi ambayo huenda hataidai.

Shida ya kipa ni kwamba aliuza haki nyingi kuliko chapati alizokuwa nazo. Aliuza kwa dawati lake, akauza kwa safu ya dirishani, akauza kwa wachezaji wa akiba. Ijumaa ikaja, unga ukapungua tena, bei ikaruka, na wote wakaja kudai siku moja. Ilimbidi azunguke uwanjani akinunua chapati kwa matano ili akawauzie wenye haki kwa mawili. Alipochoka kununua, akaanza kukimbia. Deputi, naibu wa mwalimu mkuu, alitoka ofisini akakuta kundi la wanafunzi linamfukuza golikipa, kila mmoja akipiga kelele, "Haki yangu! Haki yangu!" Akadhani ni mgomo.

Alipouliza nani alianzisha, vidole vyote vilinielekea. Hata cha kipa, naye alikuwa bado anakimbia.

Deputi wetu ana vitu viwili anavyovichukia: kamari na mimi. Kuhusu kamari simlaumu. Amewaona vijana wengi wa huku kwetu wakiacha shule kwa sababu ya simu na mechi za timu ambazo hawajui hata ziko nchi gani. Ofisini aliniweka mbele ya meza, akafunga macho kidogo kama anayeomba subira, kisha akasema, "Eleza."

Nikaeleza. Andazi la Jumatatu, chapati ya Ijumaa, haki ya kununua bila kulazimishwa kununua. Kumbe mlangoni alikuwa amesimama Madam wetu wa Somo la Biashara, amekuja kutafuta chaki.

"Rudia hapo mwisho," Madam akasema.

"Madam, mimi nimeshakubali makosa..."

"Nyamaza na makosa yako. Rudia hapo kwa haki."

Nikarudia. Akamgeukia Deputi. "Mwalimu, hiyo ni opsheni. Opsheni ya kununua, kabisa, vile watu wa soko la hisa wanavyofanya. Hilo andazi la kwanza ndilo ada. Maandazi mawili ndiyo bei ya makubaliano. Ijumaa ndiyo siku ya kuisha muda. Mimi nina klabu ya uwekezaji ambayo imealikwa kwenye mashindano ya shule, na sina mtoto hata mmoja anayeweza kunieleza hiki kitu bila kukisoma kitabuni."

"Kamari haigeuki kuwa somo kwa sababu imepewa jina zuri," Deputi akasema.

Walivutana pale juu ya kichwa changu mpaka kengele ikalia. Mwishowe Deputi akatoa hukumu yake. Klabu ingepewa pesa za kuigiza na waandaaji, ifanye biashara muhula mzima kwenye kompyuta. Siku ya fainali, huko Westlands, zikiwa zimepungua chini ya zile tulizopewa, hata kwa shilingi moja, klabu ingefungwa na chumba chake kipewe kwaya. Na mimi pia ningerudishwa nyumbani hadi mzazi aje.

"Na huyu ndiye atakayesimama kueleza mbele ya majaji," akaongeza. "Bila mzaha. Mzaha mmoja tu, nimefunga."

Madam alitoka pale mwepesi kama aliyeshinda. Mimi nilitoka nikiwaza kwamba nimepewa kila adhabu duniani, na ile ya mwisho ndiyo mbaya zaidi.

Jioni nilimweleza mama. Ana bucha Kangemi, na alfajiri huwa ameshafika Dagoretti kuchukua nyama. Kumwita shuleni maana yake ni bucha kufungwa siku nzima, na bucha ikifungwa, wateja wanazoea kwa jirani.

"Opsheni ndiyo nini? Ni mkeka?" akauliza. Kwetu mkeka ni ile orodha ya mechi unayobashiri ukitumaini zote zitatoka.

"Si mkeka, mama."

"Basi kwa nini unanieleza ukiwa umesimama karibu na mlango?"

Alinimenyesha vitunguu vya wiki nzima.

Chumba cha klabu kilikuwa stoo ya maabara zamani. Kompyuta chache, moja ikiwaka ukiipiga kofi. Kiongozi wa kweli mle ndani hakuwa mwenyekiti, alikuwa mwekahazina, msichana wa darasa letu anayepanga hata kalamu zake kwa urefu. Alinitazama nilivyoingia nikimleta kipa.

"Nimeambiwa wewe ndiye utatuokoa," akasema.

"Mimi?"

"Ndiyo. Nimelia usiku wote."

Wiki ya kwanza tulifanya kosa ambalo nadhani ni watoto wa huku kwetu tu wangelifanya kwa moyo mmoja vile. Skrini ilituonyesha opsheni za kununua hisa za makampuni ya kubuni, na karibu kila moja ilikuwa na bei ya makubaliano tofauti. Zile ambazo hisa ilikuwa imezikaribia zilikuwa ghali. Zile ambazo hisa ingehitaji kuruka kama mbuzi ili kuzifikia kabla ya Ijumaa zilikuwa rahisi kama peremende. Sisi tukaona rahisi.

"Manze, angalia hii!" kipa akapiga kelele. "Unaweka kidogo, ikitoka, unalipwa kama mbunge!"

"Mnaelewa kwa nini ni rahisi?" mwekahazina akauliza. "Ni rahisi kwa sababu hakuna anayeamini itafika."

"Wewe huna imani," akaambiwa.

Tulizinunua kwa mafungu. Tulizipanga kama mkeka, kampuni hii na ile na ile, tukazipa hata baraka. Ijumaa hisa zilipanda kweli. Zilipanda kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepanda ngazi za kanisa. Hakuna hata moja iliyofika. Muda ukaisha, na skrini ikaandika sifuri kwenye kila mstari. Theluthi nzima ya pesa zetu ikawa imepotea, na bado tulikuwa tumebashiri vizuri kwamba hisa zitapanda! Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho andazi halikuwa limenifundisha: kwenye opsheni, kujua soko linaelekea wapi hakutoshi. Lazima lifike, na lifike kabla ya siku yako.

Deputi alipita dirishani Jumatatu, akaangalia skrini, akaondoka akiimba wimbo wa kwaya.

Kuanzia siku hiyo mwekahazina alichukua kompyuta ile ya kofi na hakuna aliyebisha. Mimi kazi yangu ikawa kutafsiri. Madam akisoma kanuni, wote tunakodoa macho, halafu mimi naitafuta kwenye chapati.

"Wauzaji wa haki wako wa aina mbili," nilisema siku moja, nikimwelekezea kipa mkono. "Kuna mwenye chapati sahanini. Huyo akiuza haki na bei ikapanda, anaitoa chapati yake, anapata maandazi yake mawili pamoja na lile la ada. Amekosa faida kubwa, lakini hajaumia. Halafu kuna asiye na chapati."

"Sema tu ni mimi," kipa akasema.

"Huyo anakimbia uwanjani."

Ndivyo tulivyojikongoja. Tulinunua hisa zenyewe kwanza, zikawa zetu, ndipo tukauza haki juu yake kwa bei iliyo juu kidogo ya bei ya siku. Hisa isipofika pale, tunabaki na hisa na ada. Ikifika, inachukuliwa, nasi tunalipwa bei tuliyoitaka. Ni biashara isiyo na kelele. Kipa aliilinganisha na kutazama ukuta ukikauka rangi. Lakini kila wiki ada iliingia, na shimo la mkeka likajaa kidogo kidogo mpaka tukawa karibu kabisa na pale tulipoanzia. Karibu, lakini chini.

Kisha tukajifunza opsheni ya kuuza, ambayo ni ile nyingine ikiwa imegeuzwa. Kuna Ijumaa za wageni, wapishi wanapika chapati kupita kiasi, na bei inaanguka hadi andazi moja. Mwenye hofu na siku kama hiyo angelipa kitu kidogo Jumatatu apate haki ya kuuza yake kwa mawili, liwe liwalo. Bei isipoanguka, amepoteza ile ada. Ikianguka, anacheka peke yake.

"Ni bima," mwekahazina akasema.

"Ni bima," nikakubali, na kwa mara ya kwanza hakunikejeli.

Siku moja kabla ya fainali tulikaa kuamua. Waandaaji walikuwa wametangaza kwamba raundi ya mwisho ingechezwa ukumbini, saa ya skrini ikikimbia, habari zikitolewa moja baada ya nyingine. Tulikuwa na hisa za makampuni kadhaa. Pengo lililobaki lilikuwa dogo mno hata lilikuwa linatutekenya.

"Tununue opsheni moja ya nguvu," kipa akasema. "Moja tu! Soko limekuwa likipanda muhula mzima. Tunaruka hilo shimo, tunaenda nyumbani."

Na nusu ya klabu ikaitikia. Kusema kweli na mimi mkono wangu uliwasha. Lakini nilikuwa nimekaa na yale makampuni yetu kichwani, nikiyafananisha na madarasa. Unaweza kuweka ahadi za chapati kwa watu wa kila darasa ukidhani umejikinga, lakini wote wanakula kutoka jiko moja. Jiko likiharibika, limeharibika kwa wote.

"Kuna opsheni za fahirisi," nikasema. Fahirisi ni ile namba moja inayokusanya bei za makampuni makubwa yote, ikipanda unajua soko limepanda, ikishuka unajua limeshuka. "Tununue haki ya kuuza fahirisi. Soko zima likianguka, hisa zetu zinaumia, lakini haki yetu inapanda thamani."

"Na lisipoanguka?"

"Tumepoteza ada."

"Ada tutatoa wapi na tuko chini tayari?" kipa akauliza, na swali lilikuwa la haki.

Mwekahazina alikuwa ameshaanza kuandika. "Tunauza haki za kununua juu ya hisa zetu, kama kawaida. Ada inayoingia huku inalipa ada inayotoka kule. Tunakata faida yetu juu, tunaziba hasara chini. Hisa zikipanda mpaka bei ya makubaliano, pengo limejaa."

"Hiyo inaitwa kola," Madam akasema kutoka mlangoni. "Kama ya shati. Lakini nitanyamaza, pesa ni zenu."

Tukapiga kura. Kola ilishinda kwa kura moja, na kipa akasema kama tukifungwa atawaambia kwaya kwamba mimi ni soprano.

Jengo la Westlands lilikuwa la vioo, lifti yake haina kelele, na choo chake kinanukia kuliko kanisa. Kulikuwa na shule za bei ya juu, zenye bleza, zikiwa na tarakilishi za mkononi. Sisi tulikuja na sweta za shule na Deputi. Alikaa safu ya nyuma, mikono amefunga, akinitazama mimi na si skrini.

Saa ikaanza. Habari ya kwanza ilikuwa nzuri, soko likapanda, na shule ya mezani kando yetu, iliyokuwa imejaza opsheni za kununua, ikapiga makofi. Mmoja wao aliinama kuangalia kwetu.

"Mmenunua haki ya kuuza? Leo? Nyinyi mnakata bima ya nyumba isiyoungua."

"Ndiyo wakati wa kuikata," nikasema. Nikageuka kumwangalia Deputi, nione kama huo umehesabiwa mzaha. Hakusogea.

Habari ya pili ilikuwa ya riba. Ya tatu ilikuwa ya ukame. Fahirisi ikasimama, ikatikisika, kisha ikaanza kuteremka kama gunia lililotoboka. Hisa zetu zikawa nyekundu, zote, kampuni zile tulizozichagua kwa uangalifu, jiko moja kabisa. Meza ya jirani mtu akasema neno ambalo halifundishwi shule za bei ile.

Lakini mstari wetu mmoja ulikuwa wa kijani. Ile haki ya kuuza fahirisi ilikuwa inapanda, na kadiri soko lilivyozama ndivyo ilivyopanda zaidi.

"Usiuze!" Sasa ni kipa, ambaye jana hakuitaka. "Bado inaanguka! Subiri, tutakuwa matajiri!"

Nilimwangalia mwekahazina. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza. Mimi. Kwa sauti ya kawaida, kama anayemuuliza mtu mzima.

"Tuliinunua ili tusiumie," nikasema. "Hatujaumia. Uza."

Akauza.

Soko likaendelea kushuka kidogo, na kwa muda ule mfupi kipa alinitazama kama niliyemuuza mama yake. Kisha ikaja habari ya mwisho, ya mvua na ya riba kupunguzwa, na fahirisi ikageuka, ikaanza kupanda. Wale waliokuwa wamekimbilia haki za kuuza dakika za mwisho ziliwayeyukia mikononi. Sisi tulikuwa tumeshachukua chetu, na hisa zetu, ambazo hatukuziuza, zikawa zinarudi juu pamoja na soko. Mwekahazina akajumlisha. Akajumlisha tena. Kisha akalaza kichwa mezani akaanza kucheka, na kutokana na hicho kicheko nilijua, kabla ubao haujaonyesha: hatukuwa tumefika tu pale tulipoanzia, tulikuwa tumepita. Na meza za bleza zote zilikuwa chini yetu.

Nikaitwa mbele. Nilieleza ada, nikaeleza bei ya makubaliano, nikaeleza kola. Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alisubiri nimalize.

"Swali langu ni moja," akasema. "Nyinyi peke yenu mlijikinga. Mlijuaje kwamba soko litaanguka?"

"Hatukujua," nikasema.

"Hamkujua kabisa?"

"Hata kidogo, mama. Tungejua tungeuza hisa. Tulinunua bima kwa sababu hatukujua."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, hata majaji, lakini mimi nilikumbuka hukumu: mzaha mmoja tu. Nyuma kabisa Deputi alikuwa amesimama. Niliona chumba chetu kinajaa kwaya. Niliona bucha imefungwa.

"Samahani, waheshimiwa," Deputi akasema, na ukumbi ukageuka. "Mimi natoka shule hiyo. Naomba ieleweke kwamba kijana huyu hajafanya mzaha."

Jaji akavua miwani. "Hatujasema amefanya."

"Nimemfahamu miaka mitatu. Mzaha wake naujua kuliko mama yake. Huo hapo ulikuwa ukweli." Akakaa. Kisha akasimama tena, kama mtu aliyesahau kitu dukani, akapiga makofi. Peke yake, ya kwanza, kwa ile mikono inayojua tu kubisha milango ya madarasa.

Walipotutangaza wa kwanza, kipa aliniinua mzima mzima, akataka kunirusha, mwekahazina akamwambia dari ni ya mkopo. Madam alikuwa analia na kupiga picha kwa wakati mmoja, na katika picha zote tumetoka vichwa nusu.

Jumatatu mchana nilikuta mlango wa klabu haufunguki. Nilidhani ni kwaya. Nilisukuma kwa bega, na kilichokuwa kinauzuia ni watu. Walikuwa wamejaa juu ya viti, juu ya meza, wengine wamening'inia dirishani kwa nje, kidato cha pili, kidato cha nne, mpaka wale wa timu ya mpira ambao hawajawahi kuingia chumba chenye kompyuta bila kufukuzwa. Safu ya mbele, kwenye kiti alichojiletea kutoka ofisini, alikuwa amekaa Deputi, kalamu mkononi.

"Umechelewa," akasema.

"Nyamazeni!" mwekahazina akapaza sauti. "Mwalimu anataka kuanza."

Niligeuka nyuma kumtafuta mwalimu. Hapakuwa na mtu. Ndipo mwekahazina aliponiwekea chaki mkononi. Nikangoja wanyamaze, hawakunyamaza, nikaanza hivyo hivyo.